Mbwa wa German Shepherd: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayefikiria kumchukua German Shepherd (hapa tutamwita shepadi, kama mitaani) na kwa aliyekwisha kuwa naye na mambo yakamshinda. Tumeanza na ya msingi. Magonjwa na mambo ya nadra yako mbele.

## Asili na kumchagua

Shepadi alitoka wapi, na alikusudiwa kazi gani?

Ni mbwa wa kuchunga kondoo kutoka Ujerumani. Mwaka 1899 ofisa mstaafu wa jeshi la wapanda farasi, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, na mwezi huohuo akashiriki kuanzisha chama cha wafugaji wa mbegu hiyo, SV, ambacho kipo hadi leo. Horand ndiye wa kwanza kwenye daftari la ukoo. Msimamo wa Stephanitz ulikuwa kwamba mbwa apimwe kwanza kwa kazi, uzuri ufuate.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kutwa kwenye mpaka wa malisho, kondoo wasiingie mashamba ya watu yasiyo na uzio. Kumbuka hilo kila unapomwona shepadi wako amechimba njia kando ya ukuta kwa kwenda na kurudi. Hajachanganyikiwa. Analinda mpaka, ila hakuna aliyempa kondoo.

Malisho yalipopungua Ulaya, mbegu hii ilipelekwa polisi na jeshini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia walibeba ujumbe na kutafuta majeruhi, na mwaka 1916 shule ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg.

Je, Alsesheni ni mbwa mwingine?

Hapana, ni huyuhuyu. Baada ya vita hivyo Waingereza hawakutaka kutaja Ujerumani, wakamwita Alsatian kwa jina la jimbo la Alsace, na jina likaja Kenya na Tanganyika pamoja nao. Akitokea muuzaji anayedai Alsesheni na shepadi ni mbegu mbili zenye bei mbili, tafuta muuzaji mwingine.

Anakuwa mkubwa kiasi gani, na anaishi miaka mingapi?

Dume husimama sentimita 60 hadi 65 begani na kuwa na kilo 30 hadi 40. Jike ni sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Wengi huishi miaka 9 hadi 13. Matangazo ya shepadi wa kilo 55 yanauza unene au uchotara, na uzito huo nyonga zake ndizo zitakazoulipia.

Rangi ipi ndiyo ya kweli? Mweupe je?

Mweusi na kahawia ndiye maarufu, lakini mweusi mtupu na yule wa kijivu chenye ncha nyeusi ni halali vilevile. Mweupe hakubaliki kwenye viwango vya shepadi. Uswisi walimwendeleza kama mbegu inayojitegemea. Mweupe ana jambo moja la kiafya: baadhi yao wana hitilafu ya kurithi inayofanya ivermektini, dawa ya minyoo, iingie kwenye ubongo. Sindano ya minyoo ya ng'ombe inayopigwa kiholela inaweza kumuua.

Kwa nini wengine mgongo umeinama nyuma na wengine umenyooka?

Ni koo tofauti. Ukoo wa maonyesho umechaguliwa kwa rangi kali na mgongo wa mteremko. Ukoo wa kazi, ukiwemo wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki na wa walinzi wa mpaka wa Chekoslovakia, umenyooka zaidi na una nguvu nyingi. Kwa nyumba ya kawaida mbwa wa ukoo wa kazi mara nyingi ni mzigo, maana asipopewa shughuli atajitafutia. Lakini mteremko uliopitiliza, hadi mbwa anatembea kama anayechuchumaa, usiununue kwa bei yoyote.

Nitajuaje kwamba sio chotara?

Kwa macho tu, mtoto wa wiki sita hutambui kwa uhakika. Vyeti vya ukoo husaidia (Kenya, East Africa Kennel Club huandikisha mbwa), ila cheti hakikuambii tabia wala afya. Fanya hivi:

Nenda ulikozaliwa mzao huo, usikubali kuletewa mtoto wa mbwa barabarani ndani ya boksi. Mwone mama. Akijificha kwa woga au akikurukia kwa hasira huku mwenyewe yupo, ondoka, kwa sababu woga hurithiwa na watoto huuiga pia. Uliza kama wazazi walipigwa picha ya eksirei ya nyonga. Angalia kadi ya chanjo yenye stika za chupa na sahihi ya daktari wa mifugo, sio maneno ya "ameshachanjwa". Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Wanaouzwa wiki ya tano kwa sababu "wameanza kula" hawajafundishwa na mama na ndugu zao kipimo cha kung'ata, na utalijua hilo kwenye mikono ya watoto wako.

Kama lengo ni mlinzi tu wala hujali ukoo, chotara mwenye afya aliyelelewa vizuri ni bora kuliko shepadi halisi mwenye nyonga mbovu.

## Tabia

Ni salama kwa watoto?

Aliyelelewa nao, ndiyo, tena huwafuata kila waendako. Hatari ya kawaida sio ukali bali uzito: shepadi wa miezi minane humwangusha mtoto wa miaka mitatu kwa furaha tu. Hatari ya pili ni wageni wa mtoto. Watoto wa jirani wakikimbizana na kupiga kelele, mbwa huyu anaweza kuona kundi linalotakiwa kukusanywa au mwana wa nyumba anayeshambuliwa. Usimwache peke yake na mtoto wa chini ya miaka 7 au 8, na mfundishe mtoto asimguse mbwa anayekula au aliyelala.

Nitamfanyaje awe mkali?

Hili ndilo swali linaloongoza, na mara nyingi linakuja na tiba zake: kumlisha pilipili, kumlisha nyigu, kumfungia gizani, kumchokoza kwa fimbo, kumzuia asione mtu. Pilipili humpa maumivu ya tumbo. Nyigu humvimbisha koo. Giza na fimbo humpa woga, na mbwa mwoga hung'ata aliye karibu: mpishi, mtoto anayeokota mpira, wewe mwenyewe. Mwizi mzoefu humtambua mbwa mwoga kwa kuwa hubweka huku akirudi nyuma, na humnyamazisha kwa kipande cha nyama.

Mlinzi anayefaa ni yule anayejua hali ya kawaida, ndipo atambue isiyo ya kawaida. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu kubwa, na baada ya hapo mlango huo hufungwa polepole. Ndani ya kipindi hicho aone watu wa aina nyingi, mwenye kanzu, mwenye kofia ya pikipiki, mwenye mkongojo, watoto wa shule. Asikie jenereta, bodaboda, adhana, radi. Kabla chanjo hazijakamilika mbebe mikononi, usimshushe mahali mbwa wengine wanapopita. Silika ya kulinda itakuja yenyewe akiwa na mwaka mmoja hadi miwili, huhitaji kuitia. Shepadi wa miezi sita anayekaribisha wageni kwa mkia yuko sawasawa.

Kumfundisha kung'ata ni kazi ya mkufunzi aliyebobea, kwa mbwa anayekubali kuachia kwa neno moja. Mbwa anayejua kushika na hajui kuachia usimfuge.

Afungwe mchana na kufunguliwa usiku?

Huu ndio utaratibu wa nyumba nyingi, na ndio chanzo cha nusu ya maswali mengine kwenye ukurasa huu. Shepadi alichaguliwa kwa kushinda karibu na mtu. Ukimweka bandani kwa muda wa saa kumi na mbili mchana na kumwachia uwanja usiku, utapata mbwa anayebweka kila jani, anayezunguka duara, anayejilamba miguu hadi vidonda. Mnyororo ni mbaya zaidi, kwa kuwa unamnyima nafasi ya kukimbia, akibaki na chaguo la kushambulia tu.

Kama ni lazima awe na banda, chumba cha kulala kiwe angalau mita 1.5 kwa 1.5, na mbele yake uwanja wa mita 3 kwa 4 wenye kivuli. Weka kichanja cha mbao kilichoinuka sentimita 15. Saruji tupu humchubua viwiko, na ikilowa inateleza na kuumiza nyonga. Ziba nyufa zote za ukuta (sababu iko kwenye swali la kupe). Na atoke pamoja na mtu kwa muda wa saa nzima asubuhi, na saa nzima jioni.

Familia ya Kiislamu inaweza kumfuga?

Mbwa wa uwindaji, mifugo na mashamba ameruhusiwa kwenye Hadithi, na wanazuoni wengi huingiza humo ulinzi wa nyumba. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani, suala ni najisi ya mate na unyevu wake: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa vitendo, banda liwe mbali na mlango na njia ya kwenda msikitini, awe na sufuria zake zisizoingia jikoni, na anayemhudumia awe na nguo maalumu. Tatizo huwa pale kukwepa najisi kunapogeuka kutomgusa mbwa kabisa. Mpangie mtu mmoja wa kumtembeza na kumfundisha kila siku. Kwa undani wa hukumu, muulize shehe wako.

## Chakula

Ale nini na kiasi gani?

Mtu mzima wa kilo 30 hadi 35 anayefanya mazoezi huhitaji takriban gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu kwa siku, kwa milo miwili. Mtoto hula mara 4 hadi miezi minne, kisha mara 3 hadi miezi sita, halafu 2. Kipimo cha kweli ni mbavu: ukipapasa uzihisi bila kukandamiza, usizione kwa mbali.

Chakula cha nyumbani kinawezekana kwa mbwa mzima. Ugali au wali usizidi nusu ya sufuria. Inayobaki iwe nyama, utumbo uliosafishwa, dagaa waliolowekwa kutoa chumvi, mayai, na mboga kidogo zilizochemshwa. Maini yasizidi kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku. Ugali mtupu na mchuzi humshibisha huku misuli ikiisha.

Unga wa mbwa usiwe ule uliokataliwa na watu. Mahindi yaliyooza huwa na sumukuvu, na mbwa huathirika nayo ini haraka: hutapika, macho na ufizi huwa manjano, na wengi hufa.

Nimwongezee kalisi ili mifupa iwe imara?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloharibu shepadi wengi wenye bahati ya kupendwa. Mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kuzuia kalisi iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa hukua vibaya. Mpe chakula cha watoto wa mbegu kubwa, chenye kalisi asilimia 1 hadi 1.5, usiongeze poda wala maziwa ya ng'ombe kwa lita. Akue polepole. Mtoto mnene sio mtoto mwenye afya.

Vyakula vipi asile?

Mifupa iliyopikwa (huvunjika vipande vyenye ncha), vitunguu na vitunguu saumu, chokoleti, zabibu. Zaidi ya chakula, usimpe dawa zako za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa, na paracetamol huharibu ini.

## Afya

Chanjo zipi, na lini?

Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa), huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Usiishie ya pili. Kinga ya maziwa ya mama inaweza kuwa bado inazizima zile za mwanzo, ndiyo maana "aliyechanjwa" hufa kwa parvo. Kichaa cha mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka. Dawa ya minyoo ni kila wiki 2 hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, baadaye kila miezi 3.

Akimng'ata mtu, hata kwa mchezo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo, chanjo ya mbwa iwepo isiwepo.

Kwa nini kupe wanamsumbua shepadi kuliko mbwa koko wa jirani?

Kupe ni walewale, tofauti iko kwenye damu. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba Ehrlichia, bakteria wa kwenye damu, na shepadi anajulikana kupata umbo kali la ugonjwa huo: homa, kukataa chakula, ufizi kupauka, madoa ya damu tumboni, damu puani. Damu puani ni dharura. Tiba ya kawaida ni doksisaiklini kwa wiki 4. Mbwa huchangamka siku ya tatu, mwenye mbwa huacha dawa, na ugonjwa hurudi ukiwa umeingia kwenye uboho.

Kupe huleta pia Babesia, vimelea wa chembe nyekundu za damu, ambayo hubadilisha mkojo kuwa rangi ya chai ya rangi. Dawa yake ni nyingine, hivyo dai kipimo cha damu kabla ya sindano.

Kuogesha mbwa tu hakutoshi. Kupe huyu hupanda ukuta na jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Tibu mbwa (vidonge au matone ya mwezi), nyunyizia banda, choma matandiko, ziba nyufa, rudia baada ya wiki 2. Dawa ya josho la ng'ombe iliyokisiwa kwa kifuniko huua mbwa kila mwaka, hasa watoto.

Anatembea vibaya nyuma. Ni nyonga?

Inategemea umri. Akiwa miezi 5 hadi 18 na kilema kinahama mguu hadi mguu, mara nyingi ni uvimbe wa mifupa mirefu unaopita wenyewe. Akirukaruka kwa miguu miwili kama sungura na kuchelewa kuinuka, fikiria nyonga. Kichwa cha paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, hali ya kurithi inayozidishwa na unene, na picha ya eksirei ndiyo huamua. Akiwa zaidi ya miaka 8, akiburuta kucha na miguu kupishana bila maumivu, yaweza kuwa uti wa mgongo unaokufa taratibu. Huo hauna tiba, ila mazoezi mepesi na sakafu isiyoteleza humwongezea miezi.

Mtoto wa chini ya mwaka asikimbizwe nyuma ya baiskeli wala kurukishwa ngazi.

Anakula sana lakini amekonda, na choo ni kingi, laini, cha kupauka.

Kama minyoo imeondolewa, pima kongosho. Shepadi ni miongoni mwa wanaoongoza kwa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Kuna poda ya kuchanganya na chakula, lakini ni ghali na haipatikani kila mji. Mbadala unaokubalika ni kongosho mbichi ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyokaguliwa, gramu 50 hadi 100 kwa mlo, ikatwe na kugandishwa kwa mafungu. Usiipike, joto huua vimeng'enya. Tiba ni ya maisha.

Tumbo limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kutoa kitu.

Usisome zaidi, mpeleke. Tumbo limejisokota, na bila upasuaji hufa ndani ya saa chache. Usimpe mafuta, soda wala maji. Kwa kuzuia: milo miwili badala ya mmoja mkubwa, na apumzike saa moja kabla na baada ya kula.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa atalihimili? Nimnyoe?

Atalihimili akisaidiwa, na usimnyoe. Ana manyoya ya tabaka mbili. Ya nje humkinga na jua, ya ndani ndiyo hubana joto, nayo huondolewa kwa brashi mara 2 au 3 kwa wiki (na kila siku anapopukutika). Ukinyoa, ya nje hurudi vibaya na ngozi huungua. Mtembeze kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Akihema kwa nguvu, ufizi ukiwa mwekundu sana na akiyumba, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha daktari. Joto lake la kawaida ni 38 hadi 39.2. Likifika 41 viungo vinaharibika.

## Mambo ya nadra

Ana miezi mitano na masikio hayajasimama.

Subiri. Husimama kati ya wiki 8 na 20, na huanguka tena anapoota meno. Asipigwepigwe masikio kichezo, na ale vizuri. Yakiwa bado chini baada ya miezi 7, huenda hayatasimama. Kusikia anasikia.

Nimhasi lini?

Sio kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu kuhasi mapema huongeza matatizo ya viungo kwa mbegu hii. Jike asiyehasiwa huingia kwenye joto takriban kila miezi 6, kwa wiki 3 hivi. Mfungie kweli, maana dume hupanda ukuta. Kumzalisha ni baada ya miaka 2 na picha ya nyonga, na mimba ni siku 63.

Amri ziwe za Kijerumani?

Lugha yoyote, mradi nyumba nzima itumie neno lilelile. Baba akisema "kaa", mama "keti" na dada wa kazi "tulia", mbwa atachagua kutosikia. Dakika 5 mara 3 kwa siku hushinda saa nzima ya Jumamosi.

Nahamia Ulaya, naweza kwenda naye?

Ndiyo, ila anza mapema. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mbwa kutoka Kenya au Tanzania huwekewa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa, halafu baada ya siku 30 damu hupimwa kwenye maabara inayotambuliwa (kinga isipungue 0.5 IU kwa mililita), na baada ya kutoa damu husubiri miezi 3. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hapo ndipo wengi huanza upya. Nunua kreti (sanduku la kumsafirishia) miezi miwili kabla na mlishe ndani yake. Mbwa anayeiona kreti kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege huvunja meno akiitafuna.